Shibiri kwa Mkono

Msusi wa mikeka wa Dimani hana habari na futi. Ukili wake, ule utepe wa miyaa unaoshonwa kuwa mkeka, huupima kwa shibiri, mkono na pima, na kila apimapo huinong'ona ile hadithi kudsi, Mola akisema: "Mja akinisogelea shibiri, humsogelea mkono, akinijia akitembea, humjia mbio." Warda, jirani anayejifunza kusuka kwake, keshaizoea kama mchakacho wa miyaa vidoleni. Magoti ya msusi ni mabovu. Hamwinukii mtu, awe shehe, awe diwani. "Nisalimie hukuhuku chini, mwanangu," husema, huku akilowesha kidole kwa mate.

Jana alasiri mdogo wake, ambaye wamenuniana tangu matanga ya mama yao, alitokeza kwenye mikorosho. Akapiga hatua moja, akasita. Warda akadhani dada mtu atakaa palepale mkekani, mpaka aangukiwe miguuni kwanza. Msusi akautupa ukili. "Keshatoa shibiri yake huyo," akasema, akainuka na magoti yake yaleyale, akatimka mbio pekupeku, kanga ikiburuzika mchangani. Mgeni hakubakiziwa hata hatua ya pili.