Siku Niliyokufa Redioni

Nafasi ya kuigiza redioni niliipata kwa sababu ya mafua. Kijana aliyepangwa alikaukiwa sauti, na mie nilikuwa nimesimama mlangoni pao wiki ya tatu naomba. Bwana wa michezo, mwalimu wa zamani kutoka bara, akaniuliza kama najua kusoma. Nikamwambia nimefika darasa la nne. Akaniuliza kama najua kufa.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa msiba. Kijana anaugua, anakata roho, anazikwa, mama yake analia. Kijana ndiye mie. Nilirudi Temeke nikatangaza mtaa mzima kwamba Jumamosi saa kumi na moja jioni nitasikika, tena nina sehemu kubwa. Kwamba sehemu yenyewe ni ya kufa sikusema. Niliona nitawaharibia utamu.

Nyumbani tulikuwa watatu: mie, mama mkubwa aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, na shemeji yangu, mke wa mwanawe. Huyo mwanawe, kaka yangu, alikwenda vitani Burma. Wenzake walirudi na makoti ya jeshi. Kwetu ilirudi barua ya serikali, ikisema hajulikani alipo. Mama mkubwa alitaka nimsomee barua ile mara tatu, kisha akasema, "Hawajasema kafa. Wamesema wao ndio hawajui alipo. Serikali ina mambo mengi."

Basi matanga hayakuwekwa. Ikapita miaka minane. Kila Idi mama mkubwa alimshonea kaka kanzu, na kila mwaka alimwambia fundi aongeze kidogo tumboni, maana mtu wa umri ule huanza kunenepa. Fundi alipima hewa, akashona.

Shemeji muda wote huo alikuwa mke wa mtu. Seremala mmoja wa Kurasini, mtu mpole wa maneno machache, alishaleta posa mara mbili. Sheikh alisema miaka imetosha, kadhi anaweza kuamua kwamba mume kafa, mke akae eda, kisha aolewe. Shemeji akajibu kwamba kwa kadhi hataenda bila radhi ya mkwewe. Na mkwewe ukimgusia tu, anakuuliza, "Maiti yuko wapi?" Hapo mazungumzo yanakwisha, watu wanaulizana bei ya samaki.

Sasa bwana wa michezo akanituma nimtafutie akina mama wa kulia. Niliwaomba wa nyumbani na majirani wawili, mpika maandazi na mkunga. Mpika maandazi akauliza, "Tumlilie nani? Nani kafa?"

"Mie," nikasema.

"Toka hapa! Uchuro huo. Kumlilia mtu aliye hai ni kumwitia mauti."

Mkunga ndiye aliyetukwamua. "Kwani msibani mtu anamlilia yule aliyelala ndani peke yake? Kila mmoja analia na wake. Mie nitamlilia marehemu mume wangu. Huyu hata simtazami."

Wakaona ni sawa. Mpika maandazi akamchagua mama yake. Shemeji akainamisha kichwa, akasema yeye atamlilia baba yake. Mama mkubwa akasema, "Mie sina maiti. Nitawasindikiza."

Chumba cha redio kilikuwa kidogo, kimetundikwa mablanketi ukutani, na kipaza sauti kimoja katikati. Mchezo ulikuwa unakwenda hewani moja kwa moja. Bwana wa michezo akawapanga. "Mama zangu, mtalia sekunde ishirini. Nikishusha mkono, mnanyamaza."

"Sekunde ishirini?" mkunga akashangaa. "Mwalimu, hapo hata pua haijalowa."

Halafu wakagundua kwamba katika mchezo mama mtu anakwenda makaburini. Wakagoma.

"Mama gani huyo anayekwenda kuzika?" akauliza mpika maandazi.

"Kwetu wanakwenda," bwana wa michezo akasema.

"Kwenu, baba. Sie mwanamke anabaki nyumbani. Wanaume wakishatoka na jeneza, ndio basi."

Akachukua kalamu, akamrudisha mama nyumbani. Lakini kaburi lilibaki, na kipaza sauti ni kimoja, kwa hiyo fundi wa sauti akaweka karai lake la udongo na mbao zake mbili za kuigizia mazishi pale pale miguuni pa wanawake.

Saa kumi na moja nikaanza kuugua. Niliugua vizuri. Nikamuaga mama wa kwenye mchezo, nikakata roho, kisha nikalala sakafuni kama nilivyoamriwa, si kwa ajili ya mchezo bali kwa sababu viatu vyangu vilikuwa vinapiga kelele. Wanawake wakalia. Mkono uliposhuka wakanyamaza, isipokuwa mkunga, aliyemalizia.

Ndipo fundi akaanza kuzika. Alimimina udongo juu ya zile mbao, kwanza konzi moja moja, halafu kwa koleo.

Mama mkubwa alikuwa amekaa mlangoni. Alikuwa ameshazikiwa mume, mabinti wawili na mdogo wake, ambaye ndiye mama yangu. Kila mara alibaki ndani na wanawake wenzake. Udongo ukiangukia mbao za kaburi, hakuwahi kuusikia maishani mwake. Niliona kutoka sakafuni anainuka, anakuja, anainama kutazama ndani ya karai.

"Mwanangu!" akalia. "Mwanangu wee! Nani alikutilia udongo?"

Bwana wa michezo akainua mkono, akaushusha. Akauinua tena, akaushusha. Mwishowe akautia mfukoni. Taarifa ya habari ilichelewa kuanza, na msomaji wake alisimama pembeni ameshika karatasi, machozi yanamtoka.

Tulipotoka hewani, mama mkubwa alimuuliza fundi, "Ndivyo udongo unavyolia?"

"Ndivyo, mama."

"Kila mahali?"

"Udongo ni udongo, mama."

"Hata Burma?"

Fundi alikuwa hajawahi kuvuka mto Ruvu. Akasema hata Burma.

Tukashika njia ya Temeke. Tulipokata kona ya kwetu, tukakuta mikeka imetandikwa uwanjani, wanaume wamekaa, sufuria kubwa iko motoni. Watu wa mgahawani walikuwa wamenisikia redioni nikifa kwa sauti yangu mwenyewe, wakamsikia na mama mkubwa akimlilia mwanawe. Waliokuwa wameingia kunywa chai katikati ya mchezo hawakungoja mwisho. Sanda ilishanunuliwa. Vijana wawili walishatangulia makaburini na majembe.

Muuza duka ndiye aliyeniona kwanza. "Wewe! Si umekufa?"

"Ulikuwa mchezo," nikasema.

"Mchezo? Mie nimefunga duka!"

Watu wakaanza kuinuka. Mmoja akasema watoto wa siku hizi redio imewatia wazimu, mwingine akaanza kukunja mkeka wake kwa hasira. Shemeji alisimama kando ya mlango. Alikuwa anaitazama ile mikeka inavyokunjwa, mmoja mmoja, na mie nilijua anachokiona. Nilitamani nilale tena chini.

"Kaeni," mama mkubwa akasema.

"Lakini mama, mwanao si huyu hapa, mzima?"

"Namwona. Huyu mzima. Aliyekufa ni kaka yake. Kafia Burma." Akavua viatu. "Kaeni, msiba ndio huu."

Muuza duka akauliza, kwa adabu kabisa, "Lini, mama?"

"Habari nimeipata leo."

Mkunga akakaa kwanza. Kisha mpika maandazi. Kisha mikeka ikaanza kukunjuliwa upya, na mtu akatumwa makaburini kuwarudisha wale wenye majembe. Mama mkubwa akamgeukia shemeji. "Na wewe, mwanangu, ingia ndani. Mjane hakai uwanjani. Jumatatu sheikh atakupeleka kwa kadhi, radhi zangu unazo."

Shemeji akamshika miguu. Akalia, na safari hii hakuwa anamlilia baba yake.

Mie nikapewa ndoo, maana matanga yanataka maji. Bombani foleni ilikuwa ndefu. Watu wakanipa pole ya kaka, nikapokea. Bibi mmoja ambaye habari zilikuwa hazijamfikia vizuri akanipa pole ya kufiwa na mimi mwenyewe. Nikamwamkia, nikamwambia nimeshapoa.