Wimbo Namba Sita

Wifi yangu ni mwanamke wa kupiga pasi. Sisemi pasi ya nyumbani, ile ya shati moja na haraka nyingi. Ndiyo kazi yake, katika duka la dobi lenye kaunta safi mbele na chumba cha nyuma chenye joto la kuivisha ndizi. Anasimama hapo tangu asubuhi, mashine ya mvuke ikipuliza kushoto kwake, mashati yakining'inia kulia, kila moja na kikaratasi chenye jina la mwenyewe. Jioni miguu humvimba mpaka viatu vinagoma. Na muda wote huo anaimba. Aliniambia kwamba mvuke ukipuliza hakuna anayekusikia, na asiyesikika haoni haya.

Mumewe ni kaka yangu wa tumbo moja, kwa hiyo nitamsema ninavyotaka. Ni fundi wa fremu na vioo. Mikono yake ni safi, kazi yake nzuri, mdomo wake wembe. Mama alikuwa akisema huyu mtoto hata akifika peponi atauliza ni nani aliyepaka rangi ule ukuta. Sisi tukicheka. Laiti tungejua, tungemzaba kofi mapema.

Basi, kuna Mzee wa Besi, mtu mwenye tumbo kubwa na roho kubwa kuliko tumbo, ambaye ana bendi ndogo ya kupiga harusini. Yeye ndiye aliyeanzisha shindano la nyimbo kwenye simu, na kundi akaliita Tusikilizane. Kila mmoja wetu humtumia wimbo mmoja anaoupenda, kwa siri. Jumatatu anaziweka nyimbo zote kundini zikiwa na namba tu, bila majina ya waliozituma. Tunasikiliza, tunachekana, na kufikia Ijumaa jioni kila mtu anazipanga kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Ukibadili mawazo kabla ya hapo, ruksa. Kisha Mzee anajumlisha, anatangaza mshindi, na kutaja nani alituma nini. Hakuna zawadi. Ni mchezo wa watu waliochoka na kazi.

Ulikuwa mchezo, mpaka kaka yangu alipogundua kwamba watu wanamcheka. Sisemi kumcheka yeye, la, wanacheka anayoyasema. Dukani kwake anapima kioo, anakata, anasema asante mteja, basi. Kwenye Tusikilizane akawa Jaji. Wimbo mmoja alisema ukipigwa msibani, marehemu atainuka kuomba uzimwe. Mwimbaji mwingine alisema ana sauti ya bawaba iliyonyimwa mafuta. Muuza dawa mmoja, mtu mpole, alituma wimbo alioimbiwa na mkewe siku walipochumbiana. Majina yalipotajwa, Jaji akasema sasa anaelewa kwa nini huyo mke alirudi kwao. Watu wakamwaga vikatuni vya kucheka. Muuza dawa akatoka kundini bila kuaga. Kaka akanipigia simu siku hiyo, furaha tele. "Umeona? Ukweli unauma, mdogo wangu."

Wifi hakuwa kundini. Mimi ndiye niliyemwingiza, na Mzee wa Besi akamsajili kwa namba ya simu ya duka la dobi ili mumewe asimjue. Mada ya juma hilo ilikuwa wimbo ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuusikia. Watu wakahangaika mtandaoni. Wifi hakuhangaika, alikuwa nao kifuani. Aliutunga mwenyewe pale kwenye pasi, kuhusu shati lililooshwa, likanyooshwa, likatundikwa, na mwenyewe hakurudi kulichukua. Shati linauliza kila anayeingia: wewe ndiye? Tuliurekodi kwenye stoo ya saluni yangu, katikati ya mataulo, ili magari ya nje yasiingie. Mimi ndiye niliyeshika simu. Miaka yote hiyo nilikuwa nikimwita wifi, nikimletea sukari, nikimsuka nywele, na sikujua kwamba ana ile sauti.

Mzee wa Besi alipoupokea alimpigia pale pale, mimi nikiwa kando.

"Shemeji, mwimbaji wangu kaolewa, kahama. Jumamosi hii nina harusi. Njoo uimbe."

"Ngoja kwanza mume wangu ausikie," wifi akasema.

"Mumeo wa nini? Nimesikia mimi, na masikio haya yamenilisha miaka mingi."

"Wewe unataka mwimbaji, na wifi ananipenda. Mtanidanganya bila hata kujijua. Yeye hajawahi kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Akiuweka wimbo wangu nusu ya juu, nitakuja Jumamosi. Akiuweka nusu ya chini, basi, nitaendelea kuwaimbia mashati."

Nikamwambia wifi, umekosa hakimu mwingine dunia nzima? Akacheka tu. Alikuwa akimwamini. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo: katika watu wote waliomwogopa kaka yangu, yeye peke yake alikuwa akimwamini.

Jumatatu nyimbo zikawekwa. Wa wifi ukawa namba sita. Jumanne nikamaliza kumkausha nywele mteja, nikaona ujumbe wa sauti wa Jaji, mrefu kuliko kawaida. Nikajifungia stoo. Sauti ya kaka yangu ilikuwa chini, kama mtu aliyetoka kuamka.

"Namba sita," alisema. "Nimefunga duka kwanza, ndiyo nasema. Sina neno baya. Nimeusikiliza huu wimbo mpaka mteja kaondoka kwa hasira. Huyu mama sijui ni nani, sijui yuko wapi. Lakini kama kuna mwanamume anayelala nyumba moja na sauti hii, amebarikiwa. Na kama anayo humo ndani na hajui, huyo ni punguani, na mumwambie nimesema mimi. Namba sita, wa kwanza."

Kundi zima likalipuka. Jaji kasifu! Watu wakataka kumjua punguani ni nani. Mimi nikakaa juu ya ndoo, nikalia, nikacheka, nikalia tena. Mtaniuliza, inakuwaje mtu asiitambue sauti ya mkewe baada ya miaka yote hiyo? Nami nawauliza, aliisikiliza lini? Sauti aliyoijua ilikuwa ya "chakula tayari" na "gesi imekwisha".

Masharti yalisema jina halitajwi mpaka Ijumaa. Wifi alingoja mpaka Alhamisi. Sikumlaumu wala simlaumu. Furaha haina kabati. Alinihadithia baadaye kwamba alimpikia, akamngojea amalize kula, akanawa mikono, akaketi mbele yake kama msichana anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Baba watoto, namba sita ni mimi."

Kaka akamtazama. "Wewe?"

"Mimi. Nimeutunga mwenyewe, pale kazini."

Na unajua lilikuwa swali gani la kwanza kutoka kinywani mwake? Hakuuliza uliutungaje, wala lini, wala mbona hukuniambia. Aliuliza, "Nani mwingine anajua?"

Alikuwa ameshapiga hesabu. Ijumaa majina yatatajwa, na kila mtu atajua punguani ni nani. Ametamka mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe, akasisitiza huyo punguani aambiwe kasema yeye. Mtu mwingine angecheka, akasema jamani mimi ndiye yule mjinga, nipigeni mawe. Wangempenda mpaka kaburini! Lakini kaka yangu kuchekwa hajui, anajua kuchekesha kwa mgongo wa wenzake.

Ijumaa asubuhi ule ujumbe wake ukafutwa. Kisha akatuma mwingine, na safari hii sauti ilikuwa ile ya Jaji tuliyemzoea.

"Ndugu zangu, Jumanne nilikuwa na homa, nasahihisha. Nimeusikiliza tena namba sita kwa kichwa kilichopoa. Ni mtu ananung'unika kuhusu nguo. Pumzi hana, wimbo hauna mwanzo wala mwisho. Dada huyu namshauri arudi akapige pasi. Namba sita, wa mwisho."

Watu wakacheka. Ndiyo, walicheka, hawakujua. Nilikuwa nimemshika mteja kichwa kwenye beseni, maji ya moto yakamwingia masikioni, akapiga kelele. Niliacha povu likichuruzika nikamwandikia Mzee wa Besi: huo mpangilio wa pili usiuhesabu. Akanijibu kwamba masharti ni yake na aliyaweka mwenyewe, kubadili ni ruksa, na kwamba kama kuna siku alitamani kumeza masharti yake na maji, ni hiyo.

Jioni matokeo yakatoka. Namba sita wa tatu. Bila Jaji kugeuka ungekuwa wa kwanza. Mzee akataja majina moja moja, na alipofika namba sita aliandika jina la wifi kamili, akaongeza: mke wa Jaji.

Kisha mmoja akaandika, "Kumbe punguani ni," ujumbe ukaenda nusu, akaufuta haraka, lakini wote tuliuona. Kwa hiyo kufuta kwake kote hakukumsaidia kitu. Aibu aliyoikimbia ilimkuta pale pale, na njiani alikuwa ameshamkanyaga mkewe.

Nilikwenda kwao asubuhi iliyofuata, Jumamosi yenyewe. Wifi alikuwa amevaa gauni la kazi, anafunga kitambaa kichwani.

"Unakwenda wapi na hilo gauni? Bendi inakungoja."

"Nakwenda kazini, wifi. Kuna mashati ya harusi hiyo hiyo."

"Wewe mwenyewe umesikia alivyosema Jumanne. Sote tumesikia. Uongo ni ule wa pili, hata mtoto anajua."

"Jumanne alikuwa anamsifu mwanamke asiyemjua," akasema. "Ijumaa alikuwa ananijibu mimi."

"Ulimuuliza lakini? Ulimuuliza kwa nini?"

"Nilimuuliza." Akaangalia funguo zake. "Akasema, nilidhani ni mtu, kumbe ni wewe."

Nilitaka kuingia ndani nimtoe kaka yangu kitandani kwa masikio. Wifi akanishika mkono, ule mkono wake wa pasi wenye nguvu, akanivuta hadi barabarani. Hakulia. Aliniomba tu nimwambie Mzee wa Besi asimngoje, na atafute mtu mapema kabla ya jioni.

Miezi imepita. Tusikilizane ipo bado, ingawa Jaji siku hizi anapanga nyimbo zake bila maneno. Wifi katoka kundini. Nikipita duka la dobi nasikia mvuke peke yake.

Sasa juzi nilihitaji kioo kipya cha saluni. Sikutaka kwenda kwa kaka, ila damu ni nzito kuliko maji, na vioo vyake havina mfano. Nikamkuta peke yake katikati ya fremu, hedifoni masikioni, macho kayafumba, mashavu yamelowa. Hakunisikia nikiingia. Simu ilikuwa juu ya meza, na kwenye kioo chake niliuona: namba sita. Nikarudi kinyumenyume, kioo nikakisahau, nikakimbia na viatu vyangu vya kisigino hadi duka la dobi.

"Wifi!" Nilikuwa nahema. "Nimemfuma! Anausikiliza wimbo wako. Analia, wifi, nimeyaona machozi kwa macho yangu. Anaupenda!"

Nilidhani atairusha pasi. Aliikalisha taratibu kwenye kiweko chake, akageuza kola ya shati.

"Najua," akasema. "Hata nyumbani anausikiliza, kila siku."

"Basi si umwambie? Si aje akuombe radhi, mwende kwa Mzee wa Besi?"

"Jumapili alikuwa kwenye kochi, na hizo hedifoni zake. Mimi nilikuwa nakunja nguo pale pale. Nikaona midomo yake inafuata maneno, nikasema labda leo. Nikaanza kuuimba nami, polepole, sambamba naye." Akapitisha pasi juu ya kola, mvuke ukapanda. "Akatoa hedifoni moja sikioni. Akaniambia, hebu nyamaza kidogo, nasikiliza."

"Ukafanyaje?"

"Nikanyamaza."