Mifuko Minane ya Simiti

Nasema bila aibu: sijaona serikali iliyonitisha kama yule mama mjane wa kwetu Kilungu, mkaguzi wa mwethya, kikundi chetu cha kazi kilichokuwa kikijenga bwawa mtoni. Shule hakukanyaga. Alisoma Biblia ya Kikamba peke yake, kidole kikifuata mstari. Lakini tulimchagua kwa foleni, watu wakajipanga nyuma yake mpaka karibu na mto, na mwalimu aliyeshindana naye akabaki na mkewe.

Risiti hakuzitaka. Simiti ikitumika, mfuko mtupu ulirudi stoo auhesabu kwa mkono wake. Basi.

Mtunza stoo alikuwa baba. Siku ya ukaguzi mifuko mitupu minane haikuonekana. Minong'ono ikaanza, eti baba ameuza simiti Mukuyuni. Na mwizi wa mwethya alitengwa: hakuna aliyemsaidia kulima wala kuzika. Baba alikaa juu ya jiwe.

Aiya! Mifuko niliichukua mimi. Shuleni daftari lisilo na jalada lilikuwa viboko, na karatasi ya simiti ni ngumu, hairaruki upesi. Nikajifanya tajiri, nikagawia darasa zima. Sasa nikamwendea yule mama nikilia, nikamwambia yote.

Hakunigombeza. Alikwenda shuleni, akaomba madaftari yetu, akayavua majalada moja moja. Kila mfuko ulikuwa na alama moja nyekundu ya kiwanda. Hizo ndizo alizohesabu, akarudia kuhesabu. Saba. Nilijua wa nane ulipo, lakini ulimi ulikataa kusema.

Mkutanoni alizipanga alama saba chini, watu wakazitazama. Kisha akatoa Biblia yake kikapuni, ile niliyoivalisha jalada mwenyewe, zawadi yangu kwake. Akaivua mbele ya wote.

"Wa nane ulikuwa kwangu," akasema. "Mtunza stoo hana kosa. Mimi ninalo. Anayeona sifai, asisimame nyuma yangu tena."

Akaenda kusimama peke yake juani, Biblia mkononi bila jalada. Sikuwa nimejua mtu anaweza kujikagua hivyo. Baba akainuka kwenye jiwe lake, akawa wa kwanza kusimama nyuma yake. Watoto hatukuwa na kura, lakini mimi nikasimama nyuma ya baba.