Kiyoyozi cha Kuleta Joto

Kwa mara ya tatu wiki hii, Mwalimu Cornelia, mstaafu, amesimama dukani Sumbawanga na masweta yake mawili, akikikodolea macho kiyoyozi. Muuzaji ameapa kwamba kinakula umeme kidogo, na kwenye baridi hii ya Juni kinaleta joto.

Anatoka. Anafika kona, anarudi. Jiko la mkaa limemchosha: majivu, moshi, macho kuwasha!

"Mwalimu, tukufungie?"

Anamfikiria mumewe, Kasimiri, mtu asiye na maneno. Ni jioni tu, wakiota moto magoti yakigusana, ndipo huongea.

"Kitapasha chumba kizima?"

"Kila kona, mwalimu."

"Basi bakini nacho!" anafoka. "Akipata joto kwenye kona yake, atanisogelea kwa lipi?"