Nilivyoenda Ziwa Kupima Sare

Nilifunga safari ya kijiji cha Ziwa kwa sababu ya suruali moja ya shule ambayo nilijua haitamtosha mwenyewe. Ninyi mnaonijua huko nyumbani mnajua kwamba mimi ni fundi wa sare hapa Eldoret, na Januari sina nafasi hata ya kumeza chai. Lakini mteja wangu Salina, mjane ambaye tumekuwa marafiki kwa miaka, alinipigia simu asubuhi akilia. Mwanawe Kibet alikuwa amepata nafasi ya gredi ya kumi katika shule nzuri ya bweni, na siku ya mwisho ya kuripoti ilikuwa kesho. Asipofika, nafasi inapewa mwingine. Na kijana mwenyewe alikuwa ametuma neno kwamba haendi.

Alikuwa amelituma kutoka jandoni. Huko kwa Wakalenjin, kijana aliyetahiriwa hukaa na wenzake katika kibanda mbali na nyumbani, na hakuna mwanamke anayeruhusiwa kumwona mpaka siku ya kutoka. Kundi la Kibet lilikuwa limechelewa kutoka kwa sababu mmoja wao aliugua, na sasa lingetoka kesho alfajiri. Salina hangeweza kumsihi mtoto wake. Mimi vilevile singeweza. Ila nilijua jambo moja la kazi yangu: huko ndani vijana hulishwa nyama na maziwa, na wakitoka, vipimo nilivyochukua Novemba huwa ni vya kutupa. Mtu lazima ampime upya. Na katika miaka yote ya ufundi, sijaona mtu akikubali kupimwa nguo asiyotaka kuivaa. Basi nikaweka tepu mfukoni, nikafunga kibanda changu cha ushonaji na wateja wakinitazama vibaya.

Nilipata lifti kwa pikapu iliyokuwa ikirudi Ziwa na mitungi mitupu ya maziwa. Nje ya mji tukakwama nyuma ya lori la mahindi lililoharibika katikati ya barabara, na jua likazidi kupanda. Roho ilikuwa juu juu. Shambani kando ya barabara niliona watoto wakiokota mahindi yaliyoachwa na mashine, ilhali shule zao zilikuwa zimefunguliwa wiki iliyotangulia.

"Hawa mbona hawako shule?" nikamuuliza dereva.

"Mama, hao ni wa kusaidia kidogo tu. Wataenda next week."

"Na next week kutakuwa na nini?"

Akacheka, akawasha redio. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Kufika kwa Salina ilikuwa karibu adhuhuri. Bintiye Jerop, wa gredi ya saba, alikuwa akiosha ndoo za maziwa kisimani. Nikamwuliza kibanda cha kina kaka kiko upande gani, naye akaonyesha kwa kidevu miti ya miwati ng'ambo ya mto. Kwa haraka niliyokuwa nayo nikaanza kuteremka njia hiyo, mpaka Jerop aliponishika sketi kwa mikono miwili.

"Auntie, hapana. Huko hatuendi."

Nikarudi nikiwa na aibu. Ugeni wangu ungeweza kuharibu mambo yote kabla sijanywa hata maji.

Ndani alikuwako Mzee Kirwa, kaka ya marehemu mume wa Salina, ambaye ndiye aliyekuwa akiingia kibandani na kutoka. Jerop alituletea chai na mursik, maziwa ya mgando ya kibuyu, akasimama mlangoni.

"Kijana anasema yeye ni mwanaume sasa," Mzee alisema. "Anasema mwanaume hawezi lala dormitory akipigiwa kengele na ng'ombe za baba yake ziko na mama peke yake. Na mimi siwezi sema ni uongo."

"Mzee, baba yake alitaka asome," Salina akasema.

"Najua. Lakini huyo si mtoto wa kuburutwa."

Nikatoa tepu, nikamwekea mezani. Nikamwambia: "Mzee, usimwambie habari ya shule. Mwambie fundi anataka vipimo. Kiuno, paja, urefu wa mguu. Akikataa, urudi na tepu tu, na mimi nirudi Eldoret." Nilimfundisha kushika tepu, naye akajifunza akiwa amekunja uso kama mtu anayeshika nyoka. Kisha akachukua fimbo yake akaondoka.

Tulingoja. Salina alipanga vikombe, akavipangua. Mara mbili alitoka kutazama miwati, akarudi ndani. Mimi nilikuwa nikiomba Mungu kimoyomoyo, na sioni haya kusema kwamba nilikuwa na hofu. Jua lilikuwa limeanza kuinama Mzee Kirwa alipopanda kilima pole pole. Alifika, akakaa, akafungua kiganja. Vipimo vyote vilikuwa vimeandikwa hapo kwa kalamu.

Salina alifunika uso kwa leso.

"Alikataa kwanza," Mzee akasema. "Akaniuliza, nani atakamua? Nikamwambia Jerop yuko. Jerop atabaki na mama. Hapo akakubali kusimama."

Nikamtazama Jerop mlangoni. Hapo ndipo nilipoona nilichokuwa nimekipita tangu nilipofika: ilikuwa siku ya shule, saa za masomo, na mtoto huyu alikuwa akiosha ndoo na kunipa chai.

"Jerop, umeenda shule tangu ifunguliwe?"

Akatazama chini. "Bado, auntie."

Nilikasirika, na hasira ilinipanda zaidi kwa kuwa sikuwa na haki ya kusema. Mimi ni mgeni, Mkikuyu, mwanamke, na nafasi ya Kibet ilikuwa imesimama juu ya ile ahadi. Nikiivunja, huenda nikampotezea shule. Nikinyamaza, nimemtoa mmoja kumwingiza mwingine. Nikachukua tepu mezani.

"Kuja hapa nikupime sketi."

Jerop hakusogea. Alimtazama mama yake. Mzee Kirwa alikohoa, nami nikasubiri kufukuzwa.

"Simama wima upimwe," Salina akasema, na sauti yake ilikuwa kavu. "Kibet akiuliza, mimi nitamjibu. Yeye ni mwanaume, atasikia."

Mzee alitoka nje, akasimama kwa ng'ombe.

Nilirudi mjini jioni hiyo nikiwa sina uhakika wa lolote, nikashona.

Kesho yake mchana Mzee Kirwa na Kibet walifika kibandani kwangu. Kijana alikuwa ameongezeka hasa, uso unang'aa mafuta. Nikampa suruali. Hakuipokea.

"Mama ameniambia Jerop anaenda shule," akamwambia Mzee. "Wewe uliniahidi. Nani anakamua?"

Nikasimamisha cherehani. Niliwaza shule ile na geti lake ambalo lingefungwa jioni, na nikajua kwamba kama nimekosea, nimekosea pakubwa. Mwaka baada ya mwaka nimekuwa nikidhani kinachozuia mtoto kusoma ni karo au sare. Sikuwahi kuuliza ni nani anayefanya kazi yake akiwa darasani.

Mzee aligeuza fimbo yake mkononi. Kisha akasema bila kumtazama mtu:

"Leo asubuhi nimekamua mimi. Na kesho ni mimi. Vaa suruali tuende."

Kibet aliingia nyuma ya pazia. Mzee akaninyooshea mkono.

"Na ile ya msichana," akasema. "Nipatie nimpelekee."

Nikamfungia sketi kwenye gazeti, naye akaitia ndani ya koti lake.