Mtihani Niliofanya Nikiwa Kwenye Eda

Chuo nilichosomea ualimu kwa mara ya pili hakikuwa na geti wala bweni. Kilinifuata nyumbani.

Mara ya kwanza nilisoma kama walivyosoma wenzangu, bwenini, Tabora, katika miaka ya sitini. Nilikaa mwaka mmoja tu. Likizo ilipofika baba yangu, ambaye alifundisha Kurani msikitini kwetu, aliniambia kwamba nimeposwa na mtu mwenye dini na mwenye kazi. Sikuwa na sababu ya kukataa ambayo ningeweza kuitamka mbele yake. Nikaolewa, nikaletwa Maganzo, na madaftari yangu ya chuo yakalala chini ya sanduku la nguo.

Mume wangu alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani kwetu, karibu na barabara, na wateja wake wengi walikuwa wachimbaji wadogo wa almasi waliokuja na suruali zilizotoboka magotini. Alikuwa mrefu, mpole, na mtu wa ibada. Mtu akifa mtaani, Mwislamu mwenzetu, yeye ndiye aliyeitwa kukata sanda, na kwa kazi hiyo hakupokea chochote. Aliniambia kwamba mshono wote duniani unafumuka, ila kitambaa kile kimoja kinakwenda na mtu mpaka mwisho, kwa hiyo hapendi kukosea.

Siku moja, tukiwa tayari na watoto wawili, alitafuta kitambaa sandukuni akayakuta madaftari yangu. Alikaa akayasoma kutoka mwanzo. Kisha akaniuliza kwa nini sikumaliza.

"Si uliniposa," nikamwambia.

Nilisema kwa utani, lakini yeye hakucheka. Tangu siku hiyo lilimkaa moyoni. Kila mtu aliyetoka Shinyanga mjini alimuuliza kama vyuo vinapokea watu wazima, na wengi walimcheka: nani atampokea mama wa watoto wawili bwenini?

Kisha mambo yakabadilika. Miaka ile ya sabini kila mtoto alitakiwa aingie shule, na walimu hawakutosha. Vyuo vikaanza kututafuta sisi tuliokatishwa njiani. Mwaka wangu mmoja wa zamani ukakubaliwa kuwa mwaka, nikaambiwa niendelee pale nilipoachia. Asubuhi nilifundisha darasa la pili kwenye shule ya msingi ya hapo kwetu, mchana nilijisomea. Vijitabu vya masomo vilikuja na basi, na baadhi ya vipindi tulivisikiliza redioni. Mkufunzi alipita kila baada ya wiki mbili kwa pikipiki, akisahihisha kazi zetu. Wakati wa kuvuna pamba vipindi vilisimamishwa, kwa sababu wenzangu wengi walikuwa wakulima na wasingeacha shamba. Sijawahi kuona ofisi ikimhurumia mtu kiasi kile, na mpaka leo namshukuru Mungu kwa watu waliofikiria hivyo.

Mkufunzi wetu alikuwa mzee wa Kisukuma, Mkristo, aliyewahi kuwa katekista. Yeye na mume wangu walipendana mara moja. Wakati mkufunzi akisahihisha madaftari yangu barazani, mume wangu alikuwa akiendelea kupima wateja, na nilizoea kumsikia akisoma namba kwenye tepu yake kisha akinong'ona, "Toa kumi." Anasoma tisini, anaandika themanini. Nilidhani ni mambo ya ufundi wao. Tepu ile ilikuwa shingoni mwake siku zote, na usiku ilitundikwa kwenye msumari. Sikuwahi kuishika.

Kilichobaki ili nimalize kilikuwa mtihani mmoja, wa kufundisha nikiangaliwa. Mume wangu alikuwa ameshachagua mahali atakapokaa: nje ya dirisha la darasa, alisema, kwa sababu hajawahi kunisikia nikifundisha na hawezi kufa bila kunisikia. Tulicheka.

Homa ilimshika siku ya Jumatatu. Ijumaa tulimzika.

Nilikuwa chumbani na wanawake wakati sanda inakatwa uani, nyuma ya ukuta wetu tu. Aliyekuwa akiikata ni jirani yetu, mwashi, mtu mwema, ambaye alikuwa amemtazama marehemu akifanya kazi hiyo mara nyingi. Alichukua tepu kwenye msumari akapima bafta. Alijua vipimo: vipande vitatu, kila kimoja mita mbili na nusu, kwa sababu marehemu alikuwa mrefu. Baadaye kidogo nikasikia sauti zao zikishuka. Sanda imekuwa fupi. Haifungiki vizuri miguuni. Mwingine akasema marehemu alikuwa mrefu kuliko tulivyomdhania. Na kitambaa kimebaki, akasema wa tatu, mwenye duka kazidisha kwa kumpenda. Hawakutaka kuchelewesha maiti, wakafunga hivyo hivyo. Mimi nilisikia, nikalibeba. Mtu aliyekata sanda za watu wote bila kukosea, yake imempungukia.

Shangazi yake alikuja kutoka Tabora kunisimamia eda, miezi minne na siku kumi. Alikuwa mwanamke mkavu wa maneno, asiyejua kusoma, lakini alijua ninalopaswa kuvaa, pa kukaa, na nani asinione. Kile kitambaa kilichobaki alikikunja akakiweka sandukuni. Mpango wake ulikuwa wazi: eda ikiisha, anatuchukua mimi na watoto kwenda Tabora, tukakae kwa ndugu zake. Nisingeweza kubaki Maganzo bila mume na bila kazi, na kazi ilitegemea cheti, na cheti kilitegemea ule mtihani mmoja. Nao uliangukia mwezi wa tatu wa eda yangu.

Nilimtuma mwanangu mkubwa kwa shehe. Shehe akajibu kwamba mjane ana ruhusa kutoka mchana kwa haja ya kweli, mradi alale nyumbani kwake. Nilimpelekea shangazi jibu hilo kwa furaha. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua kichwa.

"Shehe kasema inafaa," alisema. "Hakusema lazima. Utapita sokoni, mwanangu, watu wote wanakutazama, hata miezi mitatu haijaisha? Watasema mtoto wetu alioa nini?"

Sikubishana naye. Nilikuwa nimelelewa kutokubishana, na kwa kweli sehemu yangu moja ilikubaliana naye. Nilimwandikia mkufunzi kwamba nimeshindwa, anisamehe, nitakwenda Tabora.

Alikuja baada ya siku tatu. Hakuingia. Alisimama barazani, karibu na cherehani tuliyoifunika shuka, akamsalimia shangazi kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," kisha akakumbuka kwamba shangazi ni Mnyamwezi wa mjini tena mtu mzima kuliko yeye, akampa shikamoo. Shangazi akaitikia marahaba. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya pazia la dirisha, nikimsikia.

"Mama," alimwambia shangazi, "chuo chetu kimewafuata wenye pamba na wenye ng'ombe. Kitashindwa kumfuata mwenye eda?"

Akamweleza alivyopanga. Alikuwa amekwenda mpaka kwa mkuu wa chuo kuomba, na amekubaliwa. Watoto wa darasa la pili wataletwa hapa pamoja na ubao wa shule, watakaa kwenye mkeka sebuleni. Mimi nitafundisha humo. Yeye atakaa nje, barazani, dirishani, pazia limeshuka. Hataniona hata kucha, atasikia tu.

Shangazi akamuuliza mtu asiyeona atampaje mtu alama.

Mkufunzi akasema hata yeye hajui, lakini watajitahidi.

Siku ya mtihani waliletwa watoto ishirini. Walivua viatu wale waliokuwa navyo, wakakaa. Shangazi alikaa pembeni, mlangoni, tasbihi mkononi, kama askari. Kivuli cha mkufunzi kilionekana kwenye pazia. Alikuwa amekalia stuli ya mume wangu. Nilijaribu kutokitazama.

Somo lilikuwa kupima urefu. Nilikuwa nimeliandaa siku nyingi kabla ya msiba, na katika andalio la somo niliandika vifaa viwili: rula ya mita ya shule, na tepu ya fundi. Mume wangu mwenyewe ndiye aliyesema nitumie tepu yake, akasema siku hiyo atakuja kunionyesha inavyotumika. Asubuhi ile niliitoa kwenye msumari kwa mara ya kwanza.

Nilianza vizuri. Niliwauliza maswali, wakajibu kwa kelele, na sauti yangu ikanirudia. Nikamwita mtoto wa kike apime benchi la sebuleni kwa rula. Akapima: sentimita tisini. Nikamwita mwingine, mtoto wa kiume mmoja mtundu, apime benchi lile lile kwa tepu. Akapima, akapima tena. Sentimita mia.

"Mwalimu," akasema, "tepu ya marehemu inadanganya."

Watoto wakacheka. Nilimwambia ainyooshe vizuri. Akasema ameinyoosha, nije nione. Nikainama. Ncha ya tepu ilikuwa imeungua. Pasi ya mkaa ilikuwa imekula mwanzo wake, na mtu alikuwa ameikata kwa mkasi, kwa unadhifu, pale penye namba kumi. Tepu ile haikuanza na moja. Ilianza na kumi.

Ndipo nilipoelewa. Yeye alijua siku zote. Ndiyo maana alinong'ona. Jirani yetu hakujua. Aliitandika tepu kwenye bafta mara mbili kwa kila kipande, maana tepu ya fundi haifiki mita mbili, na kila alipoitandika ilimwibia sentimita kumi. Ishirini kwa kipande, vipande vitatu. Mwenye duka hakuzidisha chochote.

Sijui nilisimama hapo muda gani. Nakumbuka tu kwamba mikono yangu ilishika benchi na watoto waliacha kucheka. Kivuli pale dirishani hakikutikisika. Kama angeita, nadhani ningeanguka. Watoto wakaanza kunong'onezana, wakaipitisha tepu mkono kwa mkono, wakahesabu kwa vidole. Mwishowe yule mtoto wa kike akasimama. Alisema kwa sauti ndogo kwamba tepu si mwongo, ila mwanzo wake umekatika, na mtu akiijua haitamdanganya.

"Tufanyeje basi?" nilimuuliza.

"Tutoe kumi, Mwalimu."

Nikamaliza somo. Mungu alinipa nguvu, maana mimi sikuwa nazo. Mkufunzi akaomba ubao utolewe nje auone, watoto wanne wakaubeba wakiminyana mlangoni. Akawauliza mwalimu wao anasimamaje anapofundisha. Mmoja akasema anasimama kama mwalimu. Mwingine akasema leo alisimama sana.

Walipoondoka, shangazi aliniuliza kilichonipata. Nilimweleza. Alikwenda sandukuni akakitoa kile kitambaa, akakikunjua magotini, akakipima kwa shibiri, polepole, mpaka mwisho. Alipima mara mbili. Kisha akakikunja, na kwa mara ya kwanza tangu aje nikamwona akilia.

"Yeye angekata sawa," alisema. Baadaye kabisa, tulipokwisha kuswali, akasema, "Chukua kazi yako. Watoto nitakuja kuwatazama mimi."

Jirani yetu hatukumwambia. Hata leo naamini tulifanya vyema. Nilimuuliza shehe, eda ilipokwisha, kama mume wangu amepungukiwa. Akaniambia kwamba Mwenyezi Mungu hapokei vitambaa, anapokea watu, na kwamba waliomfunga walimfunga kwa mapenzi. Nilishukuru. Lakini ukweli ni kwamba moyo una polepole yake, na wangu ulichukua miaka.

Cheti kilikuja na basi, kama vijitabu vilivyokuja. Nilipangiwa shule upande wa Geita, mbali na kaburi, kijiji cha katikati ya Runzewe na Chato. Shangazi alitimiza neno lake, tukaenda naye, na alifia mikononi mwangu huko huko.

Pamoja na cheti kulikuwa na nakala ya fomu ya mkufunzi. Mahali pa alama za kusimama na kutazama wanafunzi alikuwa amepiga mstari. Mahali pa njia za kufundishia alinipa alama zote, na chini yake akaandika kwa mwandiko wake wa katekista: Mwalimu alinyamaza kwa makusudi mpaka wanafunzi wakagundua kosa wenyewe.

Hilo lilinisumbua. Haikuwa makusudi. Nilikuwa nimepewa sifa kwa ajili ya msiba wangu, na nilijua tofauti. Nikamwandikia yote: tepu, sanda, benchi nililolishika. Nilimwambia kama alama zile si haki yangu, azipunguze, hata kama cheti kitarudi.

Jibu lake lilichelewa. Lilikuwa fupi. Alisema ameisoma barua yangu mara nyingi, na kwamba fomu imeshafungwa. Halafu akaongeza kwamba siku ile, akiwa amekalia stuli ya rafiki yake, aliposikia kimya kile alidhani ninamngoja marehemu, na yeye asikie.

Tepu ninayo. Kuna watu waliotaka kuniungia kipande cha mwanzo. Nimekataa.