Imondo yarudi sahanini kwa Zuena

Jua halijafika juu ya paa za soko la Shianda, na tayari Zuena Osundwa ana kuku watatu kwenye karai. Mumewe, Athman, amewachinja, akafuta kisu kwenye nyasi na kwenda kufungua kibanda chake cha kutengeneza baiskeli. Zuena amebaki na kazi ambayo siku hizi hamwachii mtu. Anatoa imondo ya kuku wa kwanza, anaipasua, anamwaga mchanga na punje zilizosagika, kisha anachuna ile ngozi ya manjano kwa kucha.

Anaiosha, anaiweka kwenye kibakuli cha bluu na kukifunika.

"Hii kitu ilitaka kunifungia hoteli," anasema, na kucheka mpaka karai linatikisika.

Imondo ni firigisi. Katika nyumba ya Mluhya, kuku anaweza kukosa paja na mgeni akavumilia. Akikosa imondo, mgeni ametukanwa. Ni ya mwenye boma, au ya mgeni anayepewa heshima yake. Mtoto akiidokoa jikoni, kesi yake husikika mpaka kwa jirani.

Zuena, mwenye umri wa miaka 46, mzaliwa wa Matungu, aliyajua hayo kabla ya kujua kusonga ugali. "Lakini shida inasahaulishanga mtu," anasema.

Shida yenyewe ilibisha hodi kama miaka miwili iliyopita. Mafuta ya kupikia yalipanda, unga ukayafuata, na pesa za miwa zikawa zinakuja kwa kunyata. Wakata miwa waliokuwa wakijaza mabenchi yake mchana wakaanza kununua andazi moja na kuomba maji ya kuteremshia. Sahani ya kuku na ugali ya shilingi mia tatu ikawa ya wenye wageni tu. Kuku watatu walimtosha wiki nzima. Mwenye nyumba naye hakuficha kwamba kuna mtu wa kuuza simu anakitolea macho chumba cha hoteli yake.

Ndipo Zuena akafanya jambo lililoonekana la akili. Akawa anatoa imondo za kuku wake, na nyingine ananunua kwa wauza kuku sokoni, anazikaanga kwa kitunguu na pilipili, anazitunga kwenye vijiti na kuziuza mlangoni kwa shilingi thelathini. Adhuhuri ilikuta sinia tupu.

"Niliona Mungu amenifungulia mlango. Kumbe nilikuwa nauza mlango wenyewe."

Kwa muda hakuna aliyesema neno. Mtu aliyeagiza kipande cha mgongo hana mdomo wa kuulizia imondo. Kisha akaja Makhanu.

Makhanu ni mwendesha boda boda wa hapo hapo Shianda. Alikuwa amempata Sylvia, msichana wa Iguhu, na wazee wa msichana wakasema wanakuja kumwona kijana kwao. Mama yake Makhanu alishafariki, na nyumbani hakukuwa na mtu wa kumpikia. Akaona heri awapeleke wageni kwa Zuena, akaagiza kuku mzima. Aliyeongoza msafara alikuwa Mzee Jairus, baba mkubwa wa Sylvia.

Sahani ilipotua mezani, Mzee Jairus alivigeuza vipande kimoja kimoja kwa kidole. Akavigeuza tena. Kisha akaomba maji ya kunawa, akasema ahsante, wameshiba. Wenzake nao wakanawa. Kuku akabaki anatoa mvuke mbele ya Makhanu, na mazungumzo ya posa yakaishia hapo.

Shianda si mahali pa kuficha jambo kama hilo. Kabla wageni hawajafika barabarani, wauza nyanya walishajua, na kufikia jioni sokoni kulikuwa na usemi mpya: ukitaka kufukuza wakwe, wapeleke kwa Zuena. Hata wanywa chai wakapungua. Makhanu akaacha kumsalimia. Athman, ambaye kwa kawaida hana maneno mengi, alimwambia mkewe kwamba alimwonya tangu kijiti cha kwanza. Zuena anakumbuka alitamani kumpiga mwiko.

Badala yake alimchagua jogoo aliyenona, akamwambia Athman amchinje, akampika mzima na imondo yake. Akamtia kwenye chombo cha kuhifadhi joto, akakifunga kwa leso na kwenda stendi ya boda boda. Akamwambia Makhanu ampeleke Iguhu. Makhanu hakumuuliza anakwenda kufanya nini, ila alimtoza nauli kamili, kama mgeni wa mbali.

Mzee Jairus aliwapokea kwa salamu ya mulembe na viti. Zuena akafunua chombo, akaeleza yote: unga, mafuta, vijiti vya shilingi thelathini. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, si nyama," akamwambia. "Nyama hata kwangu iko. Nilidhani kijana ananiambia sisi si watu wa kupewa imondo."

Ugali ukasongwa. Mzee akaikata imondo katikati, nusu akaila, na nusu akaiweka kwenye sahani ya Zuena, mbele ya wanaume wote. Enzi za bibi zake Zuena, mwanamke hakuonja kuku hata mchuzi.

"Kula," akasema. "Umetoka mbali."

"Chumvi ilizidi," Zuena anakiri sasa. "Niliitia nikiwa na woga. Lakini sijawahi kula kitu kitamu vile."

Jambo jingine alilolibeba kutoka Iguhu ni hesabu ya watu. Jogoo mmoja alikuwa amelisha nyumba nzima, na hakuna aliyenung'unika. Njiani kurudi, akiwa nyuma ya pikipiki, akajiuliza kwa nini hotelini kila mtu alazimike kununua sahani yake peke yake.

Siku iliyofuata aliunganisha meza zake zote zikawa moja ndefu. Leo mwenye shilingi mia moja anakaa. Wakifika wanane, kuku mzima anashuka na ugali na mboga, na imondo inakuja ndani ya kibakuli chake cha bluu. Haiuzwi. Wenyewe wanaamua nani aile, na sharti ni moja: hakuna kujiombea.

Hapo ndipo penye utamu. Ng'ombe wa nani amezaa? Mtoto wa nani amefaulu? Nani amezika na anahitaji kushikwa mkono? Wanzala, dereva mstaafu wa lori la miwa, amejifanya hakimu na hajawahi kuipata. Akilalamika, anaambiwa hakimu hali ushahidi. Watu wasio na njaa huvuta viti kusikiliza tu, na mwishowe huagiza chai.

Kuku watatu wa wiki nzima sasa ni wa siku moja, na siku ya soko huongezeka. Zuena hasemi ametajirika. Unga bado uko juu. Ila mwenye nyumba hajamtaja tena mtu wa simu. Wiki iliyopita yeye mwenyewe alikaa mezani na mia yake.

Mchana huu Makhanu anaingia, kofia ya pikipiki mkononi. Habari zimemtangulia: wazee wa Iguhu wamekubali, harusi ni Desemba. Kibakuli kinasukumwa mbele yake kabla hajakaa. Wanzala anamwambia aitafune polepole, kwa sababu akishaoa, chochote kitamu kitakuwa cha baba mkwe.

Na mpishi wa harusi ameshachaguliwa. Mzee Jairus mwenyewe ametuma neno kwamba hataki mwingine. Zuena anapanga kununua sufuria mbili kubwa kwa kazi hiyo, na zikirudi Shianda, aezeke mabati uani ili meza ndefu iwe mbili.

"Wameniambia kuku ishirini," anasema, akifuta mikono kwa leso. "Nitawapika hao ishirini. Na kabla ya wageni kunawa, nitampelekea mzee imondo ishirini, azione kwa macho yake."

Anawaza kidogo, kisha anacheka.

"Chumvi nayo, Athman ndiye ataonja."